Paukwa! Pakawa! Kisha Tucheze Nini? Ngano za Kale na Michezo ya Watoto Wadogo

Mtoto katoka skuli ya maandalizi, mama yake anamuuliza: "Leo mmesoma nini?" Anajibu: "Leo mie nilikuwa mbuzi." Daftari likifunguliwa ni jeupe, na sare ina udongo mpaka kwenye kola. Hapo ndipo maneno yanapoanza barazani: skuli za siku hizi hazisomeshi, zinachezesha, na hata hizo hadithi wanazochezea ni za Kizungu, za mazimwi na mabinti wa wafalme. Mwalimu naye ana lake. Kwenye mafunzo kaambiwa asomeshe kwa hadithi na michezo, akaitikia pamoja na wenzake, lakini akishasimama mbele ya watoto 35 na mkeka mmoja hajui aanzie wapi.

Jambo lenyewe si geni Zanzibar. Sera ya Elimu ya mwaka 2006 iliiingiza elimu ya maandalizi katika elimu ya lazima, na vituo vya Tutu, vya watoto wadogo, vilipata jina lake kwa kufupisha maneno Tucheze Tujifunze. Kinachokosekana mara nyingi ni maelezo ya kawaida tu: ngano ni nini, mchezo ni nini, na vipi kimoja kinazaa chengine.

Maneno yanayochanganywa

Neno hadithi kwetu lina mizigo miwili. Chuoni, Hadithi ni maneno na mwenendo wa Mtume (S.A.W.), na hayo hayachezewi. Usiku kwa bibi, hadithi ni Sungura na Simba. Mzazi anayeambiwa "watoto wanacheza hadithi" ana haki ya kushtuka kidogo. Kwa hivyo humu litumike neno ngano: kisa cha kubuni kilichopokewa kwa masimulizi kizazi hadi kizazi, hakina mwenyewe, wanyama wake husema na mayatima wake huishia kuwa masultani. Ngano za kale ziko za kwetu na ziko za kwa watu.

Neno la pili ni mchezo, ambalo huchanganywa na igizo. Igizo lina watazamaji, lina maneno ya kukariri, na mwisho wake umeshapangwa. Mchezo hauna mtazamaji. Aliye nje ya mchezo hana kazi nao. Ni kama tofauti ya kusoma kasida kwenye Maulidi na kuimba peke yako ukifua nguo. Kwenye Maulidi ukiruka beti watu wanakutazama. Kwenye beseni la nguo ukiruka beti hakuna aliyepotelewa na kitu. Mtoto wa miaka minne aliyesimamishwa mbele ya wazazi siku ya mahafali, akasahau maneno na kulia, huyo hakucheza. Alifanyishwa kazi, na kazi yenyewe ngumu.

Sasa kiungo cha hayo mawili. Kila ngano iliyodumu ina fundo ndani yake, yaani shida moja inayoweza kushikwa kwa mikono: daraja la kuvuka, nyumba isiyotaka kuanguka, kiatu kinachotafuta mguu wake, njia ya kurudia nyumbani. Mchezo wa ngano ni kulichukua fundo hilo, likawekwa chini mbele ya watoto, bila ya jibu lake. Kasri, majina, mavazi na harusi ya mwisho vyote vinaweza kubaki mdomoni kwa msimuliaji. Mwalimu akilishika hili moja, mengine ni ufundi wa mkono tu.

"Uongo njoo" na hofu ya uongo

Wapo wanaosema ngano ni kumzoesha mtoto uongo. Tazama namna tunavyofungua. Msimuliaji anasema "Hadithi, hadithi!" na wasikilizaji wanajibu "Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea." Uongo wenyewe umeitwa kwa jina lake, mlangoni, na wote wakaukaribisha. Anayedanganya hajitangazi. Mtoto anayeitikia maneno hayo amefunga mkataba: kwa muda huu paa atasema, na tukimaliza hatosema tena. Mtoto wa miaka mitatu bado anachanganya kidogo, na ndiyo maana kwake zimwi liwe la mbali na la kuchekesha. Wa miaka mitano anajua vizuri sana. Mwambie kifuu ni kikombe cha chai, atakinywa kwa mdomo wa kuigiza na hatokitafuna.

Desturi ya hadithi kuwa za usiku nayo isionekane kikwazo, kwani inasaidia. Ngano isimuliwe usiku nyumbani, mchezo uje asubuhi au alasiri. Mtoto akilala na ngano, siku ya pili anaikumbuka kwa namna yake mwenyewe, na hiyo namna yake ndiyo tunayoitaka. Skuli ambayo haina usiku isimulie ngano ile ile siku tatu mfululizo kabla ya kuichezea: dakika tano kwa watoto wa miaka mitatu na minne, dakika kumi kwa wa mitano na sita. Siku ya tatu watoto wenyewe watakuwa wanaitangulia midomo ya mwalimu. Kucheza ngano waliyoisikia mara moja tu ndiyo sababu kubwa ya mchezo kugeuka fujo, kwa kuwa kila mtoto anakuwa na kipande chake na hakuna mwenye kisa kizima.

Za Kizungu au za kwetu?

Mpaka huu ni mwembamba kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 1870 Edward Steere, mmishenari wa Kiingereza, alichapisha London mkusanyiko wa ngano alizosimuliwa na watu wa Zanzibar. Mojawapo ni ya Sultani Darai: maskini anayechakura jaani anaokota thumni, anamnunua paa, na paa yule anakwenda kwa sultani kumsifu bwana wake mpaka anamuoza binti. Huko Ufaransa, Charles Perrault alichapisha mwaka 1697 kisa cha paka aliyevaa mabuti akamsifu bwana wake maskini kwa mfalme mpaka akamuoza binti. Mmoja paa, mmoja paka, hila ni ile ile. (Mwisho tu ndio tofauti, na wetu ni mchungu zaidi: maskini wetu anamsahau paa aliyemtajirisha, na anaamka yuko jaani vile vile.)

Hizo za Ulaya zenyewe hazikukaa sura moja. Binti wa jivuni (Cinderella) kwa Perrault ana kiatu cha kioo. Kwa ndugu Grimm wa Ujerumani ni cha dhahabu. Kisa cha dubu watatu kilipochapishwa Uingereza mwaka 1837, mgeni aliyeingia nyumbani mwao akala uji wao alikuwa kizee, si msichana mwenye nywele za dhahabu anayejulikana leo. Basi mwalimu wa Wete au Makunduchi akibadilisha kitu havunji amana ya mtu. Na pahala pamoja hana budi abadilishe: ngano ya nguruwe watatu wanaojenga nyumba. Mwalimu asipoteze nusu saa kuwaeleza watoto wa Kiislamu kwa nini nguruwe ndiye mwema wa kisa. Aweke mbuzi watatu, au ndugu watatu, na mbwa mwitu anayezipuliza nyumba zao awe fisi au upepo wa kusi wenyewe. Fundo ni nyumba na upepo, na fundo halijaguswa.

Nyumba tatu

Huu ndio mchezo wa kuanzia, maana vifaa vyake viko nyuma ya kila nyumba. Kwenye ngano ya Kiingereza nyumba ni za majani, vijiti na matofali. Kwetu ziwe za makuti, za fito na za udongo, ambazo mtoto ameziona kwa macho yake zikijengwa.

Wagawe watoto wanne wanne au watano watano, kila kundi na nyumba moja. Kundi la kwanza lipewe vipande vya makuti makavu vya urefu wa shibiri moja na kamba ya kufungia. La pili lipewe njiti 20 za chelewa, zilizokatwa sawasawa na kuvunjwa ncha, na donge la udongo la kuzisimamishia. La tatu lipewe udongo wa kukandika.

Udongo ndio unaowashinda wengi, kwa hiyo vipimo vyake ni hivi: vifuu vitatu vya udongo mwekundu uliochekechwa mawe na mizizi, kifuu kimoja cha mchanga, na maji yasiyozidi kifuu kimoja, yatiwe kidogo kidogo huku watoto wakikanda. Udongo mtupu bila ya mchanga hupasuka ukikauka, kwa sababu unasinyaa mno. Mchanga ukizidi, ukuta unamomonyoka ukiguswa. Kupima, finyanga tonge la ukubwa wa ndimu, liachie lianguke kutoka usawa wa goti la mtoto. Likitapakaa chini kama uji, ongeza udongo. Likivunjika vipande, ongeza maji kiganja kimoja. Likibonyea upande mmoja na kubaki tonge, hapo umefika. Ukuta uwe na unene wa vidole viwili vya mtoto na usipite shibiri moja kwenda juu; ukirefushwa siku hiyo hiyo, uzito wa juu unaibinya chini na ukuta unakaa kitako.

Kisha mchezo usimame hapo. Nyumba ya udongo inataka kulala kivulini mpaka kesho, na ikianikwa juani inapasuka. Walimu wengi huharakisha, wanaleta upepo siku ile ile, nyumba ya udongo mbichi inalegea na watoto wanaondoka wakiamini makuti ndiyo magumu kuliko ukuta.

Siku ya pili ndiyo siku ya upepo. Usiwaachie wapulize kwa midomo. Watapata kizunguzungu, na mate yatafika kila pahala. Tumia kipepeo cha ukindu cha kupepea mkaa. Mtoto mmoja anasimama hatua moja kutoka kwenye nyumba, wenzake wanahesabu mpaka kumi, kila hesabu pepeo moja. Baadae anasogea nusu hatua, anarudia.

Na hapa ndipo mwalimu anapojaribiwa. Ngano inasema nyumba ya majani ianguke. Lakini nyumba ya makuti iliyofungwa vizuri mara nyingine haianguki! Inatikisika tu, kwa sababu upepo unapita kwenye mianya yake, wakati ukuta ulioziba unapokea nguvu yote ya upepo kifuani. Kitu kile kile mvuvi anakijua: tanga lililotoboka halivuti chombo. Mwalimu asiisukume nyumba kwa kidole kwa siri ili ngano ipate haki yake. Aulize swali moja tu, "Kwa nini hii haikuanguka?" na anyamaze. Kimya kikifika hesabu ya kumi, ndipo mtoto mmoja atakwenda kuchungulia, atatia kidole kwenye mwanya, na atasema kitu. Hicho atakachosema, hata kikiwa nusu sahihi, kina thamani kuliko maelezo ya mwalimu.

Mzazi anayeuliza kusoma kuko wapi atazame vidole. Kukanda udongo, kufunga kamba, kuchomeka njiti bila ya kuivunja: misuli hiyo hiyo ndiyo itakayoshika penseli. Mtoto ambaye vidole vyake havina nguvu anashika penseli kwa ngumi, anachoka baada ya mistari miwili, na anaitwa mvivu.

Daraja la mbuzi watatu

Ngano hii ni ya Norwei lakini unaweza kuapa ni ya Kojani. Mbuzi watatu wanataka kuvuka daraja kwenda malishoni. Chini yake kuna zimwi. Mbuzi mdogo anasema, "Usinile mie, ngoja kaka yangu anakuja, mnono zaidi." Wa pili anasema vile vile. Wa tatu ni mkubwa, analipiga zimwi pembe likaanguka majini.

Daraja ni ubao wa urefu wa mita moja na nusu, upana usiopungua sentimita 20, juu ya matofali mawili yaliyolazwa. Usiuinue zaidi ya sentimita 15. Chini yake tandika kanga ya buluu, ndio maji. Kila upande wa ubao pitisha mkono na uhakikishe hakuna msumari wala kijiti kilichochomoza. Watoto sita kwa daraja moja wanatosha. Wakizidi, foleni inakuwa ndefu na foleni ndefu huzaa masumbwi. Wenye watoto wengi waweke madaraja mawili, au nusu wacheze na nusu wapige vifuu: vifuu viwili vikigonganishwa polepole ni mbuzi mdogo, vikigongwa kwa nguvu ni mbuzi mkubwa. Kwa mtoto mwenye haya hiyo ya vifuu ni kazi nzuri sana, kwani anakuwamo mchezoni bila ya kusema neno.

Kanuni ya lazima ni moja: zimwi linauliza, halikamati. Likikaa chini ya ubao litashika miguu, mtoto ataanguka na kidevu. Likae pembeni, nyuma ya mstari wa kamba. Kazi yake ni kusema, "Nani anapita darajani mwangu?" na kazi ya mbuzi ni kulishawishi. Siku za mwanzo mbuzi wote watasema maneno ya kwenye ngano. Siku ya tatu au ya nne utasikia mengine: mbuzi mmoja atalipa zimwi nauli, mwengine ataliambia hajakoga, wa tatu atalialika chakula. Hapo mchezo umeiva. Anayewarudisha kwenye maneno ya asili anauua.

Kila mtoto atataka kuwa zimwi, au hakuna atakayetaka. Wakitaka wote, yawepo mazimwi matatu kwa pamoja. Hakuna sheria inayokataza. Akikosekana hata mmoja, mwalimu awe zimwi la kwanza, tena zimwi jinga, linalosinzia. Wahenga walishasema zimwi likujualo halikuli likakwisha, na mtoto akishalijua zimwi la mwalimu wake ataiomba nafasi hiyo mwenyewe. Yule anayeogopa kweli, anayelia, asilazimishwe wala asichekwe. Ampe mwalimu mkono wavuke pamoja, au akae karibu na kamba awe mlinzi wa kulifungia zimwi njia.

Goso, au mnyororo

Hii ni ya kwetu, nayo imo kwenye mkusanyiko ule wa 1870. Goso ni mwalimu anayesomesha chini ya mti. Paa yuko juu mtini, anaangusha tunda, linampata Goso kichwani. Wanafunzi wanatafuta mwenye kosa. Wanaushika upepo wa kusi, nao unajitetea: ningekuwa na nguvu ningezuiliwa na kiambaza? Kiambaza nacho: ningekuwa na nguvu ningetobolewa na panya? Panya analiwa na paka, paka anafungwa na kamba, kamba inakatwa na kisu, kisu kinaunguzwa na moto, moto unazimwa na maji, maji yananywewa na ng'ombe, ng'ombe anasumbuliwa na mdudu, na mdudu analiwa na paa. Wamerudi kwa paa!

Kwa mchezo wa kumbukumbu na mpangilio ni nadra kupata kitu bora kuliko hiki. Watoto wanasimama duara, kila mmoja na kitu chake mkononi: kipande cha kamba, kisu kilichokatwa kwenye boksi, kitambaa chekundu cha moto, kikombe cha maji kitupu. Mwalimu anakwenda kwa wa kwanza na tuhuma, yeye anajitetea na kumuonyesha wa pili. Kosa la kawaida ni kuweka pete zote za mnyororo siku moja. Watoto wa miaka minne waanze na nne: kamba, kisu, moto, maji. Kila siku iongezwe moja. Wa miaka sita wanafika mpaka mwisho ndani ya wiki mbili, na huanza kubuni pete zao, nani anamshinda nani, mpaka unasikia kwamba mvua inashindwa na mwavuli na mwavuli unashindwa na kusi.

Katika ngano ya asili Goso anakufa na paa anapigwa. Kwa mchezo wa watoto wadogo, tunda limtie nundu tu apelekwe hospitali. Bibi akitaka kuisimulia kamili usiku, hiyo ni haki yake. Mikono ya bibi iko karibu na mtoto anayesikia. Mchezoni, wakiambiwa paa apigwe, watampiga kweli.

Za kupitia haraka

Kiatu cha binti wa jivuni hakihitaji maandalizi yoyote, kwa kuwa kila nyumba yetu ina lundo la viatu mlangoni. Changanya jozi kumi za kandambili na makubazi, ficha moja ya kila jozi, na watoto watafute mwenzake. Kisha wavipange kwa urefu. Wakishaweza, waulize kiatu hiki ni cha nani na wajuaje.

Dubu watatu: mabakuli matatu, mikeka mitatu. Watoto wote wanajua kubwa na dogo. Kinachowasumbua ni la katikati, kwa sababu bakuli lile lile linakuwa kubwa ukiliweka karibu na dogo na linakuwa dogo ukiliweka karibu na kubwa. Basi tofauti iwe wazi, mfano upana wa sentimita 8, 14 na 20. Uji uwe wa mchanga, si wa moto.

Ndugu wawili waliopotezwa msituni, ngano ya Grimm, wazazi wengi hawaipendi, na kuna haki ndani yake: wazazi wanawatupa watoto na kizee anataka kuwachoma. Chukua njia tu, acha mengine. Kundi moja liweke alama kwa kokoto kutoka mlangoni mpaka mwembeni, kundi jengine kwa punje za mtama. Waite kuku. Baada ya dakika kumi watoto wanajua kwa nini ndugu wale walipotea, na kuku wameshiba.

Mbegu za ajabu za yule kijana wa ngano aliyeukwea mmea wake mpaka mbinguni: choroko zilizolowekwa usiku mmoja, ndani ya gilasi yenye pamba au kitambaa kibichi, zinachipua siku ya pili au ya tatu. Gilasi, si kifuu. Kwenye kifuu chenye udongo watoto watazifukua kila asubuhi kutazama, nazo zitakufa kwa kutazamwa. Maji yakisimama chini ya pamba zinaoza. Pamba iwe ya unyevu tu.

Kabla hawajaanza

Vifaa vyetu ni vya bure lakini havikosi hila. Kingo za vifuu zisuguliwe kwa msasa au jiwe. Kanga ifungwe kiunoni au begani, kamwe isifungwe shingoni. Kwa walio chini ya miaka mitatu, kitu chochote chembamba kuliko sentimita 4 kinaweza kumkwama kooni, kwa hivyo vifuniko vya chupa, kokoto na choroko viwekwe mbali nao. Pemba msimu wa karafuu makonyo, yaani vikonyo vya karafuu, yanakuwa tele na yanafanana na vijiti vizuri vya kujengea. Yasitumike, mafuta yake yanawasha mno mtoto akijifikicha macho.

Wakati nao una hesabu yake. Mchezo wa ngano unataka dakika 30 mpaka 40, na kumi za mwanzo huwa kelele na kugombania vitu. Walimu wengi huukatisha hapo hapo wakidhani umeharibika, kumbe watoto walikuwa bado wanagawana kazi. Na mavazi? Hayahitajiki. Mtoto akivalishwa kofia ya simba ya dukani anakuwa simba siku hiyo tu. Akipewa kipande cha gunia, leo simba, kesho ukuta, keshokutwa mtumbwi.

Ikiwa mtoto yule yule anataka kuwa fisi kila siku kwa wiki nzima, mwache. Wasichana wakitaka kuwa fisi, na mvulana akitaka kumpikia uji dubu mdogo, waache vile vile. Halafu lile la mwisho, ambalo wakubwa hulipenda sana: kumaliza kwa kuuliza "Tumejifunza nini?" Watoto huwahi kuugundua mtego huo. Wakishajua kila mchezo unaishia kwenye mtihani, wanaanza kucheza wakimtazama mwalimu badala ya kutazamana. Ukitaka kujua walichopata, sikiliza wanachosema wakiosha vifuu.

Kufunga mchezo kuwe na neno lake, kama kufungua kulivyo na lake. Wadogo hasa wanahitaji kuambiwa kwamba zimwi limekwenda zake. Dakika tano kabla, mwalimu apige kifuu mara tatu ili walio katikati ya ujenzi wamalizie. Kisha wote wakae kwenye mkeka, mazimwi yavue kanga zao, na waseme kwa pamoja maneno ya kufungia ya wazee: hadithi yetu imekwisha, ikiwa njema ni yetu sote, ikiwa mbaya ni ya msimuliaji peke yake. Ubao uwekwe ukutani, kanga ya buluu ikunjwe. Nyumba ya udongo, kama bado imesimama, iachwe palepale kivulini, kwa maana kesho asubuhi watakwenda kuitazama kabla ya kuvua mikoba.